Kabla ya kumwita mtovu wa adabu, tuulize amekataa kuachia nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala unaoendelea kuhusu wanawake wanaotuhumiwa kuivunjia jamii heshima. Baadhi ya waliotangulia wamelalamika kwamba mwanamke wa siku hizi hana haya wala haambiliki, na kwamba amepoteza staha iliyowafanya mama zetu waheshimike. Wengine wamewajibu kwa hasira kwamba mila zote zilitungwa na wanaume na hazina budi kutupwa. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Hakuna jamii isiyo na miiko, na mwanamke, sawa na mwanamume, anaweza kukosea kweli na akastahili kuambiwa. Ninachokipinga ni namna tunavyomhukumu, kwa maana tunamfungulia shitaka la tabia ili tusilazimike kumjibu dai lake la haki. Nikizitazama kesi na misukosuko ya wanawake waliopata kuitwa watovu wa adabu katika nchi zetu za Afrika Mashariki, karibu kila mara nakuta kwamba nyuma ya neno hilo palikuwa na kitu kinachogombewa: shamba, nyumba, kaburi, kiwanja cha umma, mshahara, au kiti cha darasani.

Tuanze na shamba. Mwaka 1988, wilayani Muleba, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Bi. Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Alikuwa ameona kwamba umri umemwendea na hana wa kumtunza, kwa hiyo akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku ya pili yake mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo kudai mauzo yabatilishwe, kwa sababu kwa mila ya Wahaya mwanamke aliweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hakuruhusiwa kuliuza. Angeuza mwanamume wa ukoo huohuo, ndugu zake wangekuwa na haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa, basi. Mauzo yenyewe yasingehesabiwa kuwa batili tangu mwanzo kwa sababu ya jinsia ya muuzaji. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba baada ya Hati ya Haki za Binadamu kuingizwa katika Katiba, kanuni hiyo ya ubaguzi haikuwa na mahali tena, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Angalieni jambo moja katika hukumu hiyo: jaji hakuufuta ukoo. Haki ya kukomboa shamba ilibaki palepale, ila kuanzia hapo anayetaka shamba libaki mikononi mwa ukoo sharti atoe fedha, na kulalamika kwamba shangazi amevunja mila hakumtoshi tena.

Kwa kuwa nimefundisha shule kwa miaka mingi na mwandiko wangu unasomeka, ndugu na majirani wamezoea kuniita niandike muhtasari wa vikao vya ukoo baada ya msiba. Wasomaji waliopitia jambo hili wanajua uzito wa karatasi hiyo: anayetaka kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi hutarajiwa kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo, na aliyeandikwa vibaya humo huingia mahakamani akiwa na doa kabla hajafungua kinywa. Katika kikao kimojawapo, mashemeji walikaa vitini na mjane akakaa mkekani karibu na mlango wa uani. Kilichowaleta kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo mama yule alichangia kuijenga kwa biashara yake. Baada ya sala ya kufungua kikao, shemeji mkubwa aliuliza swali la kwanza: kwa nini alionekana amevaa nguo ya maua kabla ya arobaini? Swali la pili lilihusu mwanamume aliyeonekana akitoka mle ndani saa moja usiku. Mama akajibu kwamba alikuwa fundi bomba, na kwamba bomba lilipasuka jioni ile maji yakajaa hadi sebuleni. Walirudi kwa fundi huyo mara kadhaa, kila mtu kwa swali lake, mmoja akitaka kujua kwa nini hakuitwa fundi mwingine, mwingine akitaka kujua kwa nini hakusubiri asubuhi.

Nyumba yenyewe ilitajwa mwishoni, tena kama jambo lililokwisha kuamuliwa, kwamba msimamizi atakuwa shemeji. Nikaelekezwa niandike kuwa mjane ameonekana hana mwenendo wa kukabidhiwa mali. Niliandika hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyosemwa, na chini yake nikaandika majibu ya mama kama alivyoyatoa. Karatasi ilirudishwa kwangu ikiwa imepigwa mistari juu ya majibu hayo, na nakala iliyokwenda mahakamani iliandikwa na mtu mwingine.

Naomba msomaji asidhani kwamba wale walikuwa watu wabaya. Walimpenda marehemu, na walikuwa wakitekeleza kile ambacho kwa muda mrefu kimeandikwa hata katika vitabu vya serikali. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila mengi ya Tanganyika, linasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka kanuni hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta, kwa hoja kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Shauri likafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilikiukwa. Ikiwa wenye sheria wenyewe walisita, si ajabu kwamba shemeji mwenye kiti anaona hatendi kosa. Lakini basi aseme waziwazi kwamba anaitaka nyumba kwa sababu mila inampa; kwa nini amtafutie mjane dhambi ya fundi bomba? Nadhani sababu ni kwamba hata yeye moyoni haamini kuwa mila peke yake inatosha kumtoa mtu ndani ya nyumba aliyoijenga, kwa hiyo anahitaji kumpaka matope kwanza.

Kenya nao wana kumbukumbu ya namna hii iliyofuatiliwa na nchi nzima. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukadai maiti izikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila ya Wajaluo. Maiti ilikaa mochwari zaidi ya miezi mitano, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Mtu anaweza kuikubali hukumu ile au kuikataa, na hoja za pande zote mbili zilikuwa nzito, kwa kuwa ndoa yao ilifungwa kwa sheria ya kiserikali na marehemu alikuwa Mjaluo aliyeishi kimjini. Kisichokubalika ni kwamba nje ya mahakama mwanamke huyu hakujadiliwa kama mjane mwenye dai. Alijadiliwa kama mke mkaidi na Mkikuyu asiyejua mahali pake. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 67, alifunga ndoa na kijana mwashi aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka arobaini, na mjadala ukaanza upya kana kwamba nchi imevamiwa. Wazee wa umri wake huoa mabinti wa umri huo na watu wakaenda kula pilau. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na hata katika kelele zile, swali lililorudiwa sana lilikuwa la mali: kijana yule anafuata nini, na nani atarithi?

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Profesa Wangari Maathai, na juu ya huo naomba niseme kwa urefu kidogo. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia hapo. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti iliyokuja kujulikana kama Ukanda wa Kijani. Mwaka 1979 akapewa talaka mahakamani, na alipotamka katika mahojiano na jarida moja kwamba jaji aliyeamua kesi yake ama hana uwezo ama amekula rushwa, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, ingawa aliachiliwa baada ya siku chache. Mume akamtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaliongezea herufi moja, Mathai likawa Maathai, akaendelea nalo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipanga kujenga jengo la ghorofa sitini ndani ya Uhuru Park, kiwanja ambacho mkazi wa Nairobi asiye na bustani nyumbani kwake huenda kupumzika siku ya Jumapili. Maathai akaandika barua kupinga. Hoja yake ilikuwa rahisi hata kwa mtoto: kiwanja ni cha umma, mradi ungejengwa kwa mkopo mkubwa, na jiji linahitaji pa kupumulia. Hoja ya namna hiyo inajibika. Serikali ingeweza kutoa hesabu za mkopo, au kueleza kwa nini jengo lisingeweza kujengwa mahali pengine. Badala yake, Novemba mwaka huo Bunge lilisimamisha shughuli zake ili kumsema. Wabunge wakadhihaki harakati yake kuwa ni kundi la wanawake walioachika, na Rais mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata desturi ya Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Ndugu Mhariri, ghorofa sitini na talaka ya mwaka 1979 vinahusiana nini? Havihusiani hata kidogo, na ndiyo maana talaka ilitajwa. Mtu akikosa jibu la hesabu za mkopo, hutafuta jambo ambalo kila msikilizaji ana maoni nalo.

Wafadhili walirudi nyuma na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na alipofariki mwaka 2011 alipewa mazishi ya kitaifa, ambayo ibada yake ilifanyika palepale Uhuru Park, mwili wake ukiwa katika jeneza lililotengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi kwa kuwa aliusia asikatiwe mti. Wanasiasa waliohutubia siku ile walimsifu kwa uthabiti wake. Uthabiti huo ndio uleule ulioitwa ukaidi mwaka 1989, na hakuna aliyeombwa aeleze ulibadilika lini.

Wapo watakaosema kwamba hao ni wanawake wakubwa, na kwamba kinachowaudhi wao ni mambo madogo ya kila siku, hasa mavazi. Haya, tuyatazame mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Azimio liliwagusa wanaume pia, lakini waliovamiwa na kuchaniwa nguo Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wanawake. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji, kama gazeti lako linavyojaa sasa, na wapo waliouliza kwa nini sketi iitwe ya kigeni ilhali suti na tai navyo havikuota hapa. Ukizisoma barua hizo utaona pia kwamba mwanamke aliyekuwa akisemwa zaidi alikuwa karani au mpiga chapa, yaani mwanamke aliyekuwa na mshahara wake mwenyewe mjini wakati vijana wengi wa kiume walikuwa wakitafuta kazi. Sketi ilikuwa fupi, sikatai. Lakini nadhani mshahara ndio uliokuwa ukiwauma.

Novemba 2014, katikati ya Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha basi kwa madai kwamba amevaa vibaya, na picha zikasambazwa. Wanawake waliandamana, na kabla mwaka haujaisha Bunge la Kenya likaongeza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, lenye kifungo kisichopungua miaka kumi. Ajabu ni kwamba waliomvua walidai kutetea staha, na hawakuona kwamba wamemvua nguo mtu hadharani. Na tukumbuke kuwa jiji hilohilo, Machi 1992, liliwaona akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakivua nguo wenyewe mbele ya askari waliowapiga pale Uhuru Park, na askari wakageuza nyuso, kwa sababu kwa mila uchi wa mama ni laana kwa anayeutazama. Mila, basi, si rungu la upande mmoja daima. Wakati mwingine mnyonge ndiye aishikaye.

Kuhusu kiti cha darasani nitasema machache. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais wa wakati huo alitamka kwamba katika awamu yake hatarudi. Mvulana aliyehusika, ikiwa naye alikuwa mwanafunzi na hakutajwa, alifanya mtihani wake. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi. Hoja iliyotolewa miaka yote ile ilikuwa kwamba watawaambukiza wenzao tabia mbaya. Nimefundisha darasani, na sikupata kuona mwanafunzi aliyeonea wivu maisha ya msichana aliyefukuzwa.

Nitakuwa sijatenda haki nikiwaachia wanaume peke yao lawama hizi. Katika vikao nilivyoviandikia, maswali makali zaidi kwa mjane yametoka kwa mawifi. Nimelitafakari hili, na sidhani kwamba linatokana na roho mbaya peke yake. Mwanamke aliyevumilia ndoa ngumu kwa miaka thelathini ili asiitwe mwachika, anapomwona mwenzake ameondoka na bado anacheka, huhisi kwamba gharama aliyolipa yeye imetangazwa kuwa haikuhitajika. Kisha liko jambo la usalama: mwanamke anayeishi kwa jina jema asiposhiriki kumsema mwenzake, kesho atasemwa yeye. Kwa hiyo hunyoosha kidole mapema. Wanaume tunanufaika na kazi hiyo bila kuifanya, halafu tunasema, mnaona, wanawake hawapendani.

Na marehemu hatuwanyimi sifa. Siti binti Saad alitoka Fumba akiwa muuza vyungu, akaingia mjini Unguja kutafuta riziki kwa sauti yake. Waliomwonea kijicho walimtungia nyimbo za kumcheka sura na kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na leo tunamwita malkia wa taarabu. Bibi Titi Mohamed alijitosa katika TANU mwaka 1955, akazunguka nchi nzima na kuwahutubia wanaume, jambo lisilotarajiwa kwa mwanamke wa Kiislamu wa Pwani, na wengi walioitikia mapema mwito wake walikuwa wanawake wa vikundi vya ngoma, walioachika na wafanya biashara ndogondogo, wale ambao majirani walikuwa wamekwisha kuwakatia hukumu. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Sina ugomvi na barabara hiyo, lakini naona kuwa ni rahisi mno kumsifu mwanamke mkaidi ambaye hatugombei naye kitu tena.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwako, Ndugu Mhariri. Gazeti linaporipoti mgogoro unaomhusu mwanamke, habari ianze na dai lake, iwe ni kiwanja, mirathi, cheo au mshahara, na hali yake ya ndoa itajwe pale tu ambapo ingetajwa kwa mwanamume. Nimewahi kusoma kichwa cha habari kilichosema kwamba mtalikiwa amemburuza mwenye nyumba mahakamani. Talaka yake haikuonekana mahali pengine popote katika habari ile.

La pili ni kwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapoletwa ukiwa na sentensi kuhusu mwenendo wa mjane, hakimu aulize sentensi hiyo imetokana na nini, na amuulize mjane mwenyewe, akiwa amesimama pale mbele na si kupitia kwa shemeji. Karatasi iwe pia na maelezo ya mjane kwa maneno yake, chini ya saini yake au dole gumba lake, na isipokuwa nayo irudishwe. Sisi tunaoitwa kuandika mihtasari hiyo tunaweza kuanza hata kabla ya kuamriwa, kwa kumwachia nafasi ya nusu ukurasa na kumpa kalamu.

Msomaji wako wa siku nyingi,

Mwalimu mstaafu